Mchicha wa Jana, Mahindi ya Mwaka Jana

Bei ya nyanya ikipanda Kongowea, soko kubwa la Mombasa, kesho yake mjadala ni uleule. Barazani, ndani ya matatu, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, mmoja atasema tumezidi kula vya kuletwa, ndiyo maana sukari na presha zimejaa mjini; turudi kwenye vya mashamba yetu. Wa pili atajibu kwamba mchicha wa mjini unanyweshwa maji ya mitaro, heri wa bara. Wa tatu ataleta habari za muhogo, na wazee wa zamani walioishi miaka mingi bila kuijua hospitali. Wote watatu wana ukweli kidogo. Ila hawajibizani, maana kila mmoja anasemea kitu chake kwa jina moja, "vya kwetu".

Swali ni kama chakula cha shamba la karibu kweli kina faida zaidi mwilini. Jibu lenyewe si gumu likigawanywa. Kuna vyakula ambavyo ukaribu wa shamba unaviongezea faida kubwa mwilini. Kuna vingine ambavyo kilomita hazibadilishi chochote. Na kuna vichache ambavyo neno "vya kwetu" linaweza kukulaza usingizi huku hatari iko jikoni.

Maneno manne yanayovalishwa kanzu moja

"Karibu" ni habari ya umbali na saa. Kwa mkaazi wa Mombasa, shamba la karibu ni lile ambalo mboga ikikatwa alfajiri inaweza kuwa sufuriani jioni ya siku hiyohiyo: Mtongwe na vijiji vya Likoni, Mwakirunge upande wa Kisauni, Jomvu, halafu Kwale na Kilifi. Kaunti yenyewe ina nchi kavu ya kilomita za mraba 220 hivi tu, na hesabu ya watu ya 2019 ilikuta wakaazi 1,208,333. Eneo hilo haliwezi kujilisha kwa mashamba yake peke yake hata likilima uani na juu ya paa, kwa hivyo tukisema karibu lazima tuvuke mipaka ya kaunti. Mji wa Kilifi ni kilomita 60 hivi, Malindi 120. Nairobi ni kama 480.

"Kienyeji" ni habari ya aina na mbegu, na haihusu mahali kabisa. Mnavu uliotoka Kisii ni mboga ya kienyeji, lakini umelala njiani. Sukuma wiki ya Mtongwe imeng'olewa asubuhi, lakini mbegu yake ni ya kigeni. Kwenye kuku ndiko mkanganyiko ulikokithiri: kuna kuku walioboreshwa kutokana na wa kienyeji, kama wale waliozalishwa na shirika la utafiti wa kilimo la KALRO, na kuku huyo anaweza kufugwa bandani maisha yake yote kwa chakula cha gunia. Bado ataitwa wa kienyeji, na hakuna aliyekudanganya. Umanjano wa kiini cha yai nao hutokana na alichokula kuku, majani mabichi au mahindi ya njano. Si kipimo cha ubora.

"Msimu" ni habari ya wakati. Embe la Malindi mwezi wa Januari na machungwa ya Muheza yanayovuka mpaka wa Lunga Lunga ni ya msimu, japo hayo ya pili yametoka nchi nyingine.

"Bila dawa" ni habari ya namna ya kulima. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa kudhani mkulima mdogo wa karibu hapigi dawa. Nitalirudia baadaye.

Chakula kimoja kinaweza kuwa na sifa moja kati ya hizi nne, au mbili, au zote, au kisiwe na hata moja. Muuzaji akikwambia "hii ni ya kienyeji, mama," amekujibu swali moja na kukuachia matatu.

Majani: hapa saa zina thamani

Jani likikatwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, na kwa kuwa halipati tena chochote kutoka mzizini, linatumia akiba yake. Ni kama simu iliyochomolewa kwenye chaja huku programu zote zimewashwa. Joto ndilo linaloiharakisha kazi hiyo: kila likiongezeka nyuzi 10, jani hupumua mara mbili hivi zaidi. Ndiyo maana mchicha unaokaa siku mbili bila kunyauka kwenye baridi ya Limuru hauna hata siku moja kwenye meza ya bati pale Kisauni, mchana wa kaskazi, joto likipita nyuzi 30.

Kinachotoroka kwanza ni vitamini C, kisha foleti, ile inayohitajika sana na mama mjamzito katika wiki za mwanzo. Visivyotoroka ni madini: chuma na kalisi haviyeyuki hewani, na nyuzinyuzi zinabaki palepale. Kwa hiyo kauli ya kwamba mboga ikilala "haina kitu" si kweli. Mchicha wa jana bado ni mboga. Ila wa leo una kile ambacho wa jana umeshakitumia, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kupendelea shamba la karibu. Ukiwa na shilingi mia tu za kumtolea mkulima wa jirani, zianzie kwenye majani: mchicha, majani ya kunde, matembele, mnavu, kisamvu, mronge. Hakuna mahali pengine zitakapofanya kazi kama hapo.

Ukaribu wenyewe lakini huharibika njiani. Mboga iliyokatwa saa tano za mchana, ikashindiliwa kwenye gunia la nailoni na kufungwa juu ya pikipiki, inaweza kufika imechoka kuliko iliyosafiri usiku kucha kutoka Wundanyi ndani ya kreti yenye matundu. Joto la kupumua kwake lenyewe hubaki ndani ya gunia na kuipika polepole. Ukitia mkono katikati utahisi uvuguvugu. Kinachofaa ni kukata kabla jua halijachoma, kuweka kivulini, kupanga kwenye kikapu au kreti mashina yakitazama upande mmoja, na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu au majani ya mgomba. Kulowesha mafungu ndooni hakuna faida. Kunyunyiza maji ni sawa, mradi maji yenyewe uweze kuyanywa.

Nyumbani, osha majani yakiwa mazima ndipo uyakate. Ukikata kwanza, vitamini za maji hutoka kwenye kila mkato na kwenda na maji ya kuoshea. Pika kwa maji machache, sufuria imefunikwa, dakika chache, na hayo maji yabaki mchuzini. Ule mtindo wa kuchemsha, kukamua na kumwaga una sababu kwa mboga chungu kama mnavu, ila kwa mchicha ni hasara tupu. Kamulia ndimu mezani: vitamini C yake husaidia mwili kukifyonza chuma cha majani, ambacho peke yake hufyonzwa kwa shida. Na chai ya rangi isubiri saa moja hivi baada ya kula, kwa sababu ukali wake hukishika chuma hicho kabla mwili haujakifikia.

Kisha kuna tui. Ile rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani ya kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi bila mafuta. Waliokuja na mchicha wa nazi walilipata jambo hili bila maabara. Lakini mafuta yanayohitajika ni kidogo, gramu tatu mpaka tano kwa mlo. Vijiko viwili vya chakula vya tui zito kwa kila mlaji vinatosha na kuzidi. Karibu theluthi moja ya nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya ule mgando ambao wataalamu wa moyo hutaka upunguzwe. Nazi ndicho chakula cha kwetu kuliko vyote, na bado kinataka kipimo. Nazi nzima kwenye sufuria ya watu wanne, asubuhi kwenye mbaazi, mchana kwenye wali na usiku kwenye samaki, si hoja ya kilimo tena. (Juisi ya miwa nayo ni ya karibu. Na tembo la mnazi halina mpinzani kwa ukaribu.)

Kisamvu na muhogo vina masharti yao

Muhogo huadhibu umbali hata kuliko mchicha. Siku mbili tatu baada ya kung'olewa, ndani yake hujichora mistari ya buluu nyeusi na ladha huharibika. Kwa hivyo muhogo wa Kwale au Kilifi una haki ya kuwa mtamu kuliko wowote utakaokuja kutoka mbali. Ukinunua, omba muuzaji avunje ncha ya mmoja: ndani kuwe kweupe kote, na maji yachomoze kidogo.

Sharti lenyewe ni sianidi. Mizizi na majani ya muhogo hubeba kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikikutana na kimeng'enya kilicho ndani ya mmea huohuo huzaa sumu ya sianidi. Kwenye mmea mzima viwili hivi vimetengwa, kama kiberiti na petroli vilivyowekwa vyumba mbalimbali. Ukikata au kutwanga, ukuta umebomoka.

Ajabu ni kwamba kubomoa huko ndiko kunakotuokoa. Sianidi ikishaachiliwa huwa hewa kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo jikoni Mombasa hutoka yenyewe, na moto huimaliza. Linamarini isiyobomolewa haitoki kwa urahisi hivyo. Mtu akichukua majani mazima ya kisamvu akayatupa kwenye maji yanayotokota, kimeng'enya hufa kwa joto kabla hakijafanya kazi, na chanzo cha sumu hubaki ndani ya jani. Kwa hiyo kutwanga kinuni kwanza mpaka kilainike kabisa, kukiacha kidogo, kisha kukichemsha muda mrefu bila kufunika, si mapambo ya upishi wa kina nyanya. Blenda inafaa badala ya kinu. Kinachodhuru ni haraka: kisamvu cha kukatwakatwa kama sukuma na kukaangwa dakika kumi.

Kwa mizizi, aina tamu zinazouzwa kwa kuchemsha na kwa kachiri hazina tatizo zikimenywa vizuri, maana sehemu kubwa ya linamarini iko kwenye ganda lile nene la ndani. Muhogo ulio mchungu ulimini baada ya kupikwa usiendelee nao kwa kuona haya ya kutupa. Wa aina hiyo hulowekwa siku tatu hivi au husagwa na kukaushwa kabla ya kuliwa.

Mahindi: hapa kilomita hazisemi kitu

Sasa geuza yote yaliyotangulia. Punje ya mahindi iliyokauka imelala, haipumui kiasi cha kuhesabika, na iwe imetoka Kitale au Shimba Hills virutubisho vyake ni vilevile. Swali la mahindi ni moja tu: yalikaushwa vipi na yakahifadhiwa vipi?

Yasipokaushwa vizuri huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ile ambayo magazeti huiita aflatoksini. Haina harufu wala rangi ya kuitegemea. Kupika hakuiondoi, sima ikiiva, sumu imeiva nayo. Kwa wingi huua ini kwa siku chache, na kwa kidogokidogo cha miaka husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Sheria ya Kenya inaruhusu sehemu 10 tu za sumukuvu katika kila sehemu bilioni moja za mahindi.

Watu wengi hudhani hatari hii ni ya viwanda na ya mahindi ya nje. Ni kweli kwamba mwaka 2019 aina tano za unga wa paketi ziliondolewa madukani, na Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalizuiwa mipakani kwa siku chache kwa sababu hiyohiyo. Lakini balaa kubwa kuliko yote, lile la Ukambani mwaka 2004 ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa, halikutoka kiwandani. Yalikuwa mahindi yaliyolimwa palepale, yakahifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Kwa mahindi, "ya shamba la jirani" si kinga.

Na Pwani ni mahali pagumu kwa nafaka. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukiyakausha mpaka hapo kisha ukayaacha kwenye gunia la kawaida, hewa ya bahari huyarudishia unyevu wiki kwa wiki, hasa miezi ya masika. Kwa hiyo anayenunua gunia zima shambani kwa ajili ya kuweka akiba anahitaji mambo mawili: kupima, na mfuko usiopitisha hewa.

Kupima kuna njia ya chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu kabisa, ya ujazo wa mililita 750 hivi. Jaza mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika mbili. Iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayajawa tayari. Ikirudi chini yote, yanakaribia. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi iliyokuwa wazi jikoni, ambayo katika hewa yetu imeshalowa. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, iache ipoe. Na kumbuka kipimo hiki kinasema habari ya unyevu tu. Mahindi yaliyoota kuvu mwezi uliopita kisha yakaanikwa yatafaulu mtihani wa chumvi, na sumu iko ndani.

Ndiyo maana kupembua kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Sumukuvu haisambai sawasawa gunia zima. Hukaa kwa wingi kwenye punje chache, zile zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijivu au kijani. Kuziondoa kwa mkono kabla ya kwenda mashineni hupunguza sana, ingawa haimalizi. Zitupwe, kuwapa kuku ni kuizungusha sumu irudi mezani. Kukoboa nako hupunguza, kwa kuwa kuvu hupenda tabaka za nje.

Lakini kukoboa kuna gharama yake, na hapa pana ubishi wa kweli. Unga usiokobolewa una nyuzinyuzi, mafuta na vitamini B za kiini. Unga mweupe umezipoteza, ila ule wa paketi hurudishiwa kwa sheria: tangu 2012 Kenya inalazimisha unga wa mahindi na wa ngano uliofungashwa uongezwe virutubisho, vikiwemo vitamini A, foleti, chuma na zinki. Unga wa mashine ya mtaani hauongezwi chochote. Kwa nyumba inayokula mboga, samaki na maharagwe, unga usiokobolewa wa mahindi mazuri yaliyopembuliwa ni bora. Kwa nyumba ambayo sima ndiyo chakula na mboga ni ya kuonja, paketi iliyoongezwa virutubisho ina utetezi wake, na hakuna haja ya kumwonea mtu haya kwa kuinunua.

Nyanya, vitunguu na viazi vina hukumu nyepesi. Vinavumilia safari; vije kutoka Taveta, Loitokitok au ng'ambo ya mpaka, mwili hautaona tofauti kubwa. Nyanya hata hufaidi zaidi ikipikwa kwa mafuta kidogo. Nunua panapokufaa.

Dawa, maji na udongo

Swali la "mnatumia dawa?" halisaidii. Mkulima mkweli atasema ndiyo, mwingine atasema hapana, na hujajua kitu. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipiga lini, na ulipiga nini?" Kila dawa iliyosajiliwa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko: tatu, saba, kumi na nne, kutegemea dawa na zao. Aliyepiga Jumatatu dawa ya siku saba na kuvuna Alhamisi ndiye wa kuogopwa, awe yuko Likoni au Lushoto. Na mkulima mdogo ana kishawishi zaidi, kwa sababu bei ikipanda ghafla au kodi ya nyumba ikifika, nyanya ndizo benki yake.

Ule unga mweupe kwenye nyanya mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Kuosha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua huondoa sehemu kubwa ya yaliyo juu. Yale yaliyopenya ndani ya tunda hayatoki kwa maji, siki wala chumvi. Hayo huisha kwa siku za kusubiri peke yake.

Habari ya maji ya mitaro nayo si uzushi. Mboga iliyomwagiliwa maji machafu inaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu na taifodi. Ikiiva vizuri vijidudu hivyo hufa. Tatizo ni kachumbari, dania na letusi, ambavyo huliwa vibichi, na hivyo ndivyo vya kujua vilikotoka kabla ya vingine vyote.

Moto hauui risasi, yale madini yenye sumu, nayo hukaa ardhini kwa miaka mingi. Mombasa inalijua hili kwa uchungu: watu wa mtaa wa Owino Uhuru walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo anayetaka kulima mchicha kwenye kiwanja cha mjini aulize kwanza kiwanja kilikuwa nini: gereji, jaa, uga wa vyuma chakavu? Akiwa na shaka asilime ardhini. Atie guniani udongo safi kutoka shambani, achanganye ndoo tatu za udongo kwa moja ya samadi iliyooza, katikati ya gunia asimamishe nguzo ya kokoto kwa ajili ya maji kushuka, na aliweke mbali na barabara ya malori.

Maziwa yanataka sentensi mbili. Ya Kilifi yaliyokamuliwa alfajiri na kuletwa na boda ni mazuri, lakini yachemshwe mpaka yafure, kwa sababu brusela na kifua kikuu cha ng'ombe haviangalii ng'ombe ni wa jirani au wa mbali. Kuyanywa mabichi "ili yasipoteze nguvu" ni kubadilisha vitamini kidogo kwa homa ya miezi.

Kumuunga mkono mkulima kwa hesabu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza matunda na mboga gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na muhogo na viazi havihesabiwi humo. Nyumba ya watu wazima watano inahitaji kilo 2 kwa siku, 14 kwa wiki. Tuseme tatu kati ya hizo ni majani. Nyumba nane za jengo moja au mtaa mmoja zikikubaliana, hizo ni kilo 24 za majani kila wiki, na hapo mkulima ana sababu ya kupanga shamba kwa ajili yenu. Nyumba moja inayopiga simu siku inapojisikia haimsaidii, inamsumbua.

Ili kuelewa kwa nini, tazama mchicha unavyokua. Mbegu ni ndogo kama punje za mchanga, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu na kumwagwa kwenye mifereji isiyozidi sentimita moja kwenda chini. Wiki ya tatu au ya nne unakatwa mara ya kwanza, ukiachiwa shina la sentimita 10 mpaka 15 ili uchipue, na baada ya wiki mbili unakatwa tena. Ukichelewa unatoa maua, majani yanadogoka na kukomaa. Maana yake, mboga utakayokula mwezi ujao inaamuliwa leo. Mkulima mwenye wateja wa uhakika hupanda tuta jipya kila baada ya wiki mbili. Asiye nao hupanda lote kwa pamoja mvua inaponyesha, kama wenzake wote, na wote hufika sokoni siku moja bei ikiwa imeanguka.

Kwa hiyo agizo lenye faida lina mambo ya kuandikwa, hata kama ni kwenye simu. Kilo badala ya mafungu, kwa sababu fungu hunenepa masika na kukonda kaskazi. Siku mbili za kuletewa, tuseme Jumanne na Ijumaa, na mtu mmoja wa kupokea, ili mzigo usizunguke jua kali ukitafuta milango. Bei moja ya miezi mitatu, iliyo katikati: wakati wa mvua mtalipa juu kidogo ya Kongowea, wakati wa ukame chini yake. Wengi huvunja mapatano hapa, mnunuzi mwezi wa Mei na mkulima mwezi wa Februari, kila mmoja akijiona mjanja. Arubuni ya wiki moja iliyolipwa mapema humfunga kila upande, nayo humnunulia mkulima mbegu bila kukopa kwa dalali.

Na lazima mkubali kubadilishiwa. Januari mpaka Machi visima hushuka na mchicha huwa haba; kunde na matembele huvumilia zaidi, na mbaazi kavu zipo. Mwezi wa Ramadhani agizo hubadilika kabisa, na shule zikifungwa nusu ya nyumba husafiri: mkulima aambiwe wiki nne kabla, ule muda wa mchicha kukua, asije akabaki na kilo 24 feri ya Likoni bila wa kuzipokea. Kikija kitu msichokizoea, muulizeni yeye anavyokipika. Matembele, kwa mfano, huchumwa ncha na majani machanga tu; aliyeleta na mashina yake marefu amewaongezea uzito kwenye mizani, na hilo nalo aambiwe siku hiyohiyo.